Palm Springs Aerial Tramway

Palm Springs Aerial Tramway ni njia ya magari ya nyaya nchini Marekani, katika jimbo la California. Huanzia korongo la Chino, pembeni mwa jangwa karibu na mji wa Palm Springs, na kupanda hadi msitu wa milima ya San Jacinto.

Historia: Wazo lilitolewa mwaka 1935 na mhandisi wa umeme Francis Crocker, aliyetamani ubaridi wa kilele chenye theluji huku bondeni joto likiunguza. Njia ilifunguliwa Septemba 1963. Ina minara 5. Minne ilijengwa kwa msaada wa helikopta, kwa kuwa miamba ile haipitiki kwa barabara.

Safari: Kituo cha chini kipo mita 806 juu ya usawa wa bahari, cha juu mita 2,596. Magari ni mawili: moja likipanda, lingine hushuka. Tangu mwaka 2000 sakafu ya gari huzunguka polepole, hivyo kila abiria huona pande zote. Kwa takriban dakika 10, dungusi na mawe makavu huachwa chini, na misonobari huanza kutokea kwenye nyufa za miamba.

Juu kuna hifadhi ya jimbo ya Mount San Jacinto na njia za kutembea kwa miguu. Huko ni baridi kuliko bondeni kwa zaidi ya nyuzi 15 za Selsiasi. Mgeni abebe sweta hata wakati wa kiangazi.