Kutoka Bahasha Iliyofungwa hadi Toleo Lililofungwa: Itifaki za Majaribio ya Kitabibu na Nafasi ya Kiswahili

Katika programu za kusimamia majaribio ya kitabibu, kuidhinisha na kutoa ni matendo mawili. Itifaki inapoidhinishwa kwa saini ya kielektroniki, rasimu hufungwa. Inapotolewa, vituo huanza kuitumia, na badiliko lolote la baadaye hudai toleo jipya lenye namba na tarehe yake. Makala hii inafuatilia chimbuko la utaratibu huo na kuonesha kwamba fomu ya ridhaa ya Kiswahili haina budi kuwa sehemu yake.

Mwaka 1948, Medical Research Council ya Uingereza ilichapisha matokeo ya jaribio la streptomycin dhidi ya kifua kikuu. Wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani. 52 walipewa mapumziko pekee. Mgawanyo wa nasibu uliobuniwa na Austin Bradford Hill ulifichwa katika bahasha zilizofungwa. Hata hivyo, wale wa kundi la mapumziko hawakuelezwa kuwa wamo katika utafiti. Bahasha ililinda muundo wa jaribio. Haki ya mgonjwa kujua haikuwa na mlinzi.

Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lilisisitiza ridhaa, na marekebisho yake ya Tokyo ya mwaka 1975 yakataka itifaki ipelekwe kwa kamati huru. Mwongozo wa kimataifa wa ICH wa mwaka 1996 ulizuia kubadili itifaki kabla ya kibali cha kamati ya maadili, isipokuwa pale panapohitajika kumwondolea mshiriki hatari ya papo hapo. Mwaka 1997, Marekani iliweka kanuni za kumbukumbu na saini za kielektroniki, zikiagiza kwamba mabadiliko yasifute yaliyoandikwa awali. Programu za leo zimerithi masharti haya.

Uzito wake huonekana katika majaribio makubwa. Jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009, lilihusisha zaidi ya watoto 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Kwa ukubwa huo, toleo moja hupita katika kamati kadhaa na lugha kadhaa.

Hapo ndipo pengo hujitokeza. Tuchukue mfano wa toleo la 3 linaloongeza kipimo cha damu. Skrini ya muuguzi itamtaka achukue sampuli siku hiyohiyo, ilhali fomu ya Kiswahili iliyo mezani bado ni tafsiri ya toleo la 2. Mama amekubali jambo moja. Mwanawe anafanyiwa jingine. Neno “toleo” lenyewe huzidisha utata: “toleo la 3” katika fomu laweza kumaanisha tafsiri ya itifaki ya tatu, au rasimu ya tatu ya tafsiri ya itifaki ya pili.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila fomu ibebe namba mbili, ya itifaki na ya tafsiri. Pili, mamlaka za udhibiti zitake programu isifungue toleo katika kituo chochote kabla ya tafsiri yake iliyoidhinishwa kusajiliwa. Idhini ya kamati bila ridhaa inayoeleweka haijakamilika.