Ulemavu katika Mitaala ya Shule na Mafunzo ya Walimu, Ukitazamwa Kutoka Nyamisati

Historia ya elimu ya watoto wenye ulemavu Tanzania ilianzia mbali na delta ya Rufiji, iliko Nyamisati, kwani shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na ya viziwi ya Tabora ikafuata mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki. Mpangilio huo ulijengwa juu ya elimu maalumu, yaani mafunzo yanayotolewa kando, na kwa hiyo mzazi wa Nyamisati, bandari ya majahazi na boti za Mafia, aliweza kumsomesha mwanawe asiyeona kwa kumpeleka mbali tu, ama akamwacha nyumbani.

Azimio la Musoma la 1974 na Sheria ya Elimu ya 1978 viliwafungulia watoto wote mlango wa shule ya msingi, lakini ualimu wa kawaida haukubadilika kwa kasi hiyo, maana nukta nundu na lugha ya alama ziliendelea kuwa taaluma ya wachache waliosomea vyuo kama Patandi, Arusha. Kasoro hiyo ndiyo nzito kuliko zote: ulemavu ulifundishwa kama upungufu wa mtoto, si wa darasa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ilithibitisha haki ya elimu jumuishi, ambayo humtaka mwalimu aikabili tofauti ya wanafunzi darasani mwake. Kila chuo cha ualimu, basi, kimfundishe hivyo kila mwalimu, akiwemo atakayepangiwa Nyamisati.