Sindano, Kiondo na Sala: Akina Mama wa Mlima Kenya Walivyosali kwa Mikono

Wang'uru, kwenye nyanda za Mwea, ni mji wa joto. Ukiteremka kutoka Kutus, hewa hubadilika kabla hujauona mpunga, na jioni mbu wa mashambani hukukumbusha kufunga dirisha. Lakini akina mama wa kanisa wanapokwenda kumwona mwenzao aliyejifungua, angalia wanachotoa ndani ya viondo: kando ya unga wa uji na ndizi mna kofia za sufu, soksi zinazotosha kidole gumba, na shali iliyofumwa kwa mkono. Kabla nguo hizo hazijamgusa mtoto, mmoja wao huziwekea mkono na kuziombea. Mgeni hushindwa kujizuia kuuliza: katika joto hili, sufu ya nini?

Swali hilo lina historia ndefu, na haianzii kanisani.

Kabla ya mmishonari yeyote kufika, mwanamke wa mlimani alikuwa mfumaji tayari. Mzigo wake wa kuni au viazi ulikaa mgongoni, ukishikiliwa na mkanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso. Mikono ilibaki huru, na kwa kuwa ilikuwa huru ilifanya kazi. Wageni walioandika habari za Wagikuyu mwanzoni mwa karne iliyopita walistaajabu kuona wanawake wakipanda vilima na mizigo mizito huku vidole vinasuka kiondo. Nyuzi zilitoka kwenye magome ya vichaka, zikasokotwa kwa kiganja juu ya paja. Mkonge wa mashamba makubwa ulikuja baadaye. Kazi huanzia kitakoni. Nyuzi za mtande, yaani zile za kusimama, hupangwa zikitoka katikati kama miale ya jua, kisha nyuzi mbili za mshindio huzungushwa kwa kupishana kila mtande, duara baada ya duara, mpaka kiondo kiinuke. Jicho halihitajiki sana. Mfumaji hodari husuka huku akizungumza, akiimba au akinyamaza na yake moyoni.

Sala ya hadhara, hata hivyo, ilikuwa ya wazee wanaume. Wao ndio waliosimama chini ya mti mtakatifu wa mugumo, wakauelekea Mlima Kenya, yaani Kirinyaga, wakamwomba Ngai, Mungu wao, mvua. Naamini jambo hili ni muhimu kwa yaliyofuata, kwa sababu Ukristo ulipofika ulimpa mama nafasi ya kutamka sala yake mwenyewe mbele ya wenzake, na akaipokea mikono ikiwa na kazi.

Waskoti walianza Thogoto mwaka 1898, baadaye wakapanda hadi Tumutumu, karibu na Karatina. Wamishonari wa Consolata kutoka Torino waliingia Tuthu mwaka 1902 kisha wakaweka makao Nyeri. Masista wa Cottolengo waliwafuata mwaka 1903, na masista wa Consolata wenyewe mwaka 1913. Waanglikana walifungua Kabare, juu ya nyanda za Mwea, mwaka 1910. Walitofautiana kwa mengi na hata waligombea mipaka. Kwa wasichana, hata hivyo, wote walileta sindano. Nguo ya kitambaa ilikuwa alama ya msomaji, yule aliyeitwa muthomi, aliyeacha mavazi ya ngozi. Msichana aliyejiunga na misheni alijifunza herufi na pindo kwa wakati mmoja. Marion Stevenson, Mskoti aliyefika mwaka 1907 na kutumikia Thogoto kisha Tumutumu hadi mwaka 1929, alitumia miaka yake mingi kuwafundisha wasichana na wanawake wa eneo hili.

Nyuma ya sindano hiyo kulikuwa na desturi ya kale ya makanisa ya Uingereza na Scotland: wanawake huketi pamoja kushonea maskini, mmoja anasoma Maandiko, wengine wanasikiliza huku wanashona. Vikundi vingi vya namna hiyo vilijiita kwa jina la Dorkasi, yule Tabitha wa Yafa katika Matendo ya Mitume sura ya 9, ambaye alipofariki wajane walimwonyesha Petro kanzu alizowashonea. Mary Sumner alianzisha Mothers' Union kusini mwa Uingereza mwaka 1876. Woman's Guild ya Kanisa la Scotland ilizaliwa mwaka 1887, na ya Wapresbiteri wa Kenya ikaanza mwaka 1922. Vyama hivi viwili, pamoja na kile cha akina mama Wakatoliki, ndivyo hadi leo vinavyotambulika kwa vitambaa vya kichwani siku ya Jumapili mjini Wang'uru.

Mothers' Union ina desturi ninayoipenda kuliko zote. Ikifika saa sita mchana, mwanachama husali mahali popote alipo. Haulizwi kama yuko kanisani. Akiwa anapalilia, anasali akipalilia. Akiwa na sindano mbili na uzi, anamaliza mstari wake na Baba Yetu pamoja. Mwanamke ambaye mama yake alisuka njiani hakuhitaji kufundishwa hilo. Alilijua mwilini.

Nimewahi kumsikia mhubiri akiwakanya akina mama wasifume wakati wa mahubiri, eti Mungu anataka mikono iliyotulia. Alisahau kwamba katika kitabu cha Kutoka, sura ya 35, wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi kwa ajili ya hema la ibada, na kazi hiyo imehesabiwa kuwa sadaka.

Uzi haukuwa wa upendo siku zote. Vita vya kupigania ardhi na uhuru vilipozuka, hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja wa Mlima Kenya na nchi jirani, ikawasukuma katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Wanawake ndio waliochimba handaki lililotenga msitu na mashamba. Katika vijiji hivyo hivyo vikaingia vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 kwa msaada wa serikali, vikifundisha kufuma, kushona, kuoka na kulea watoto. Mwanachama wa klabu aliweza kupata nafuu ya kazi ya kulazimishwa. Hebu fikiria uzito wa mpira mmoja wa uzi siku hizo: jirani yako anachimba kwa jembe chini ya bunduki, nawe umeketi unajifunza kufuma mkono wa sweta. Kuna familia ambazo kumbukumbu hiyo bado inauma, na simlaumu anayekataa kuiita baraka.

Lakini ujuzi ukishaingia kidoleni hauchagui bwana. Vita vilipokwisha wanawake hawakuzitupa sindano, walichotupa ni usimamizi. Katika miaka ya 1960, Nyeri ikawa kitovu cha vikundi vya mabati: akina mama walichanga pesa za vibarua na za kazi za mikono, wakaezeka nyumba ya kila mmoja kwa zamu. Kila mkutano ulifunguliwa kwa wimbo na sala, ukafungwa kwa sala. Daftari la michango, Biblia na kiondo ambacho hakijakamilika vilikaa kwenye benchi moja.

Mwea nako ni mtoto wa vita hivyo. Mifereji ya kwanza ya mpunga, inayovuta maji ya mito Thiba na Nyamindi, ilichimbwa na wafungwa wa kizuizini katikati ya miaka ya 1950. Kisha zikaletwa familia zisizo na ardhi, nyingi kutoka nchi za juu za baridi, zikapewa ekari 4 kila moja na masharti mengi. Walishuka na sweta zao hadi kwenye malaria. Wanawake ndio waliolipa zaidi. Jane Hanger na Jon Moris, katika kitabu kuhusu Mwea kilichotoka mwaka 1973, walieleza jinsi mke wa mkulima alivyofanya kazi nzito zaidi kuliko alikotoka, ilhali malipo ya mpunga yalikwenda kwa mume mwenye leseni. Kuni alizookota bure kwao zikawa za kununua, na bustani ya mboga ilikuwa shida. Kwa mama wa namna hiyo, shilingi ya kiondo au ya kitambaa cha kochi ilikuwa ya kwake. Mkutano wa kanisa ulimpa saa chache ambazo hakuna msimamizi wa mfereji aliyezidai.

Mjini Nanyuki, upande wa pili wa mlima, kufuma kulikua kukawa kiwanda kidogo. Kikundi cha wasokotaji na wafumaji kilichoanza ndani ya kanisa la Presbiteri miaka ya 1970 huchukua sufu ya kondoo wa Laikipia, huiosha, huichambua, huisokota kwa gurudumu na kuifuma mazulia. Viondo navyo vilisafiri mbali zaidi, vikaning'inia mabegani mwa wanawake wa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1980, mpaka nakala za viwanda vya Asia zilipoangusha bei. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 iliwarudisha wanunuzi wa hapa nyumbani.

Huko Marekani nako mikono ilifika mahali pale pale kwa njia nyingine. Mwaka 1998, Janet Bristow na Victoria Galo, waliokuwa wamesoma pamoja katika seminari ya Hartford, Connecticut, walianza kufuma shali huku wakimwombea atakayezivaa, mgonjwa au mfiwa. Huduma hiyo imeenea katika makanisa mengi ya dunia. Ninaiheshimu. Ila nikiisoma nakumbuka itega, ule mwendo wa wanawake wa mlimani kumpelekea mzazi kuni, maji, chakula na wimbo. Itega ni ya zamani kuliko kanisa. Akina mama waliibatiza, wakaongeza sufu na sala, na hawakuona haja ya kuipa jina jipya.

Kinachotishia kazi hii ya kufuma sasa ni mtumba. Sweta ya mtoto iliyovaliwa Ulaya huuzwa sokoni kwa bei ndogo kuliko uzi wa kufumia mpya. Kwa hesabu ya duka, kufuma ni hasara. Mama yangu alifanya hesabu hiyo mara nyingi kwa sauti, kisha akanunua uzi. Alifuma usiku baada ya vyombo, akitaja majina: mstari huu wa mtoto wa dada, huu wa kijana aliye Nairobi bila kazi. Alipokosea fundo alifumua, akalitaja jina upya. Sisi watoto tulilala tukiyasikia majina yetu yakipita katika orodha hiyo, na mtu ambaye jina lake lilitajwa mara mbili usiku mmoja alijua kwamba ameleta shida.

Basi lile swali la mgeni. Julai hufika, ukungu ukashuka kutoka Kirinyaga hadi Mwea, na asubuhi nyanda za joto huwa na baridi ya kushangaza. Ndio msimu wa kutayarisha vitalu vya mpunga. Wanawake huingia majini mapema, miguu kwenye tope jeusi, migongo imeinama. Mtoto mchanga huachwa juu ya tuta na dada yake wa miaka 6, amefungwa shali, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, naye amelala.