Pikapu za Mbinga na vipimo vya Los Angeles

Anayenunua pikapu mjini Mbinga huuliza swali moja kabla hata boneti haijafunguliwa: inakwenda kilomita ngapi kwa lita? Hutajiwa namba ya kiwandani, tuseme 12. Kwa namba hiyo hupanga bei ya kubeba mizigo. Hushusha mahindi Mbamba Bay, hupandisha dagaa wa Ziwa Nyasa, na mwezi ukiisha hukuta fedha imebaki sheli. Hapo fundi hulaumiwa, na dereva hushukiwa kunyonya mafuta. Kabla ya kumfukuza dereva, inafaa kujua namba ile ilizaliwa wapi, na ilizaliwa kwa kazi gani.

Namba iliyozaliwa na uhaba

Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilisitisha mauzo kwa Marekani na baadhi ya washirika wake. Ilipofika mwanzoni mwa 1974, pipa lililouzwa kwa takriban dola 3 lilikuwa linakaribia dola 12. Tanzania iliumia vibaya. Fedha za kigeni zilizoletwa na kahawa, pamba na katani zilizidi kumezwa na mafuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi yalikuwa yakizuiwa kutembea Jumapili alasiri ili kubana matumizi.

Marekani ilishika njia ya sheria. Desemba 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyowabana watengenezaji wafikie wastani uliowekwa wa matumizi ya mafuta, na kila gari jipya dogo likabandikwa namba yake dirishani.

Kipimo kilikuwapo tayari, lakini kilikuwa kimebuniwa ili kupima moshi. Kilifuata mwendo wa magari katika njia moja ya Los Angeles: kilomita 12, wastani wa kilomita 31 hivi kwa saa, na kasi isiyozidi 91. Baadaye kikaongezwa kipimo cha barabara kuu, chenye wastani wa kilomita 77 kwa saa. Gari lenyewe halikutoka nje. Lilifungwa ndani ya jengo, magurudumu yakazunguka juu ya rola, na dereva akafuata mstari wa kasi uliokuwa mbele ya macho yake. Hata mafuta hayakupimwa kwa ujazo. Yalikokotolewa kutokana na kaboni iliyotoka kwenye moshi. Mzigo wote uliohesabiwa juu ya gari tupu ulikuwa kilo 136, yaani dereva na abiria mmoja.

Lengo lilikuwa la haki: magari yote yapite mtihani mmoja ili yalinganishwe. Wanunuzi, hata hivyo, waliichukua namba kama ahadi, na malalamiko yakaja upesi. Kuanzia magari ya mwaka 1985, serikali ilipunguza namba za mjini kwa asilimia 10 na za barabara kuu kwa asilimia 22. Kuanzia magari ya mwaka 2008 ikaongeza majaribio ya mwendo kasi, ya kiyoyozi na ya baridi.

Katika historia hiyo yote, pikapu ilibaki nyuma. Marekani, zile zenye uzito wa juu unaoruhusiwa, gari na mzigo, unaozidi kilo 3,855 hazikubandikwa namba kabisa, na nyepesi ziliwekewa viwango vilegevu kuliko vya magari ya abiria. Ulaya ilianza kuweka utaratibu wa kupima matumizi ya magari ya abiria mwaka 1980, lakini magari madogo ya mizigo yaliingizwa mwaka 2004 tu.

Namba tunazozisoma sisi

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam hutoka Japani, na huja na namba za huko. Kipimo kilichoanza kutumika Japani mwaka 1991 kilichukua dakika 11: kilomita 4.16, kasi isiyozidi 70, injini ikiwa imeshapashwa moto. Kilifaa kueleza foleni za miji ya Japani. Mlima wa Umatengo, kule Mbinga, hakikuujua.

Kadiri sheria zilivyokaza, ndivyo watengenezaji walivyojifunza kuufaulu mtihani badala ya barabara. Ulaya, pengo kati ya namba rasmi na matumizi ya kweli lilikuwa chini ya asilimia 10 mwaka 2001; kufikia mwaka 2015 lilikuwa kama asilimia 40. Aprili 2016, Mitsubishi Motors ilikiri kwamba takwimu za magari madogo 625,000 yaliyouzwa Japani zilikuwa zimechezewa. Kipimo kipya cha kimataifa kilianza kutumika Ulaya Septemba 2017, nacho kina mwendo mrefu na wa kasi zaidi. Pengo limepungua, halijafutika: kumbukumbu za kompyuta za magari yaliyosajiliwa huko mwaka 2021 zilionyesha kuwa ya petroli na dizeli hutumia karibu asilimia 20 zaidi ya ilivyoandikwa.

Na hayo ni magari ya abiria, kwenye lami ya Ulaya.

Mlima usiomo kwenye karatasi

Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,300. Katikati yake kuna barabara ya kilomita 66 hivi, iliyokamilishwa kwa lami miaka ya karibuni, inayopanda miteremko ile ile iliyowafanya Wamatengo wabuni kilimo cha ngoro ili mvua isiwachukulie udongo.

Tuchukue pikapu ya dizeli ambayo pamoja na mzigo ina tani 3. Kuiinua mita 800 kunadai kazi ya megajuli 23 na ushee. Lita moja ya dizeli ina takriban megajuli 36, lakini theluthi moja tu hivi ndiyo inayofika kwenye magurudumu. Iliyobaki hupotea kama joto. Kwa hiyo kuupanda mlima peke yake kunakula lita 2. Kwa namba ya 12, kilomita 66 zingehitaji lita 5.5. Ukijumlisha zinakuwa 7.5, na zile kilomita 12 kwa lita zimeshuka chini ya 9. Hapo bado hatujahesabu gia ndogo, wala uzito unaoyakandamiza matairi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maabara ilihesabu watu wawili; Mbinga inahesabu magunia.

Kushuka hakurudishi deni lote. Kila unapokanyaga breki kwenye kona, nguvu iliyonunuliwa kwa dizeli inageuka joto na kupotea. Wapo wanaotoa gia mteremkoni wakidhani wanaokoa mafuta. Injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linapovutwa na mteremko likiwa kwenye gia. Ukiitoa, injini inaendelea kuunguza, na breki zinabaki peke yake na tani 3.

Zipo pia njia za udongo za vijijini, ambako ukinzani wa matairi huwa mara mbili ya lami au zaidi, na tope la masika huuongeza tena. Keria ya juu, turubai linalopepea na tairi lenye upepo mdogo, kila kimoja kinadai sehemu yake. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani huongeza utata, kwa kuwa mita ya dashibodi huhesabu kilomita pungufu ya zilizotembewa.

Tujipimie wenyewe

Namba ya kiwandani inafaa kwa kazi iliyozaliwa nayo: kulinganisha gari na gari. Kupanga bei ya safari kunahitaji namba ya hapa. Jaza tangi hadi juu, andika kilomita, fanya kazi ya kawaida, kisha ujaze tena hadi juu na ugawanye kilomita kwa lita zilizoingia. Weka hesabu ya kupanda na mzigo mbali na ya kushuka. Vyama vya ushirika na halmashauri zinazokodi magari zinaweza kukusanya hesabu hizo katika daftari moja kwa kila njia.

Serikali nayo ina nafasi yake. Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, mji kwa mji, kwa kutambua kwamba lita inayofika Mbinga imeshagharimiwa safari ndefu. Haki hiyo ifike pia kwenye matumizi: pikapu zinazouzwa nchini zipimwe zikiwa na mzigo, kwenye mlima, na majibu yatangazwe hadharani. Mfanyabiashara wa dagaa anastahili kujua gharama ya safari kabla hajataja bei, na dereva mwaminifu anastahili kuhukumiwa kwa namba ya barabara anayoiendesha.