Ujira wa Msukumaji

Wageni wanaofika Mwanza kwa mara ya kwanza hupenda kututania kwa jina letu. Husema kwamba Msukuma ni mtu wa kusukuma, na ndiyo maana mikokoteni pale sokoni haikosi wenyewe. Nasi hucheka nao. Ukweli ni kwamba katika lugha yetu neno hilo ni upande wa kaskazini, na jirani zetu Wanyamwezi walituita hivyo kwa kuwa makao yetu yako kaskazini mwa kwao. Hata hivyo nakiri kwamba mimi binafsi nimesukuma. Nimesukuma gari la mashindano katika udongo mweusi wa mbugani, na matope yakanijaa hadi masikioni. Katika kusukuma huko nilijifunza jambo ambalo limenichukua miaka mingi kulielewa: kwamba msaada una ujira wake, na asiyetaka kuutaja ujira huo mapema hulipa baadaye kwa kitu kilicho ghali kuliko fedha.

Mashindano makubwa ya magari katika Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni, wakati Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kumtawaza Malkia Elizabeth wa Pili. Yakaitwa Coronation Safari, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Inasimuliwa kwamba wazo la kwanza la waanzilishi lilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria, lakini likaachwa kwa sababu barabara za ziwani zisingepitika wakati wa mvua. Sisi wa Mwanza tunaoijua mbuga inyeshewapo hatuna haja ya kuulizana sababu. Udongo ule ukilowa hushika gurudumu kama gundi, na dereva hodari huwa sawa na dereva mbovu: wote wawili hushuka na kutafuta watu.

Mwanzoni yalikuwa mashindano ya watu wa ridhaa. Magari yaligawanywa katika makundi kwa bei yake dukani, ili mwenye kigari cha bei nafuu apambane na wa hali yake. Mshindani alikuwa mkulima, mfanyabiashara au mwenye gereji, na msaidizi wake alikuwa ndugu, jirani au mwajiriwa wake wa kila siku. Mfano mzuri ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa mwenye gereji. Kabla hajapata sifa aliwahi kufanya kazi ya doria katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, yaani kuwasaidia walioharibikiwa njiani. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Mtu huyo aliijua barabara kwa upande wa dereva na kwa upande wa fundi aliyelala chini ya gari. Tanzania nayo ilikuwa na fahari yake: Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404.

Lakini mchezo ule haukuwa na huruma. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu, na mwaka 1968 vilevile 7 tu. Katika hali hiyo kampuni za Ulaya na Japani ziliona kwamba gari likishinda Afrika Mashariki litauzika popote, zikaja na fedha zao. Mwaka 1972, mbio zilipoanzia Dar es Salaam, Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka uliofuata Safari ikaingizwa katika ubingwa wa dunia. Polepole pembeni mwa barabara wakatokea mafundi wa mshahara, magari ya kubeba vipuri, na baadaye ndege na helikopta za kuwafuata madereva porini. Kuanzia mwaka 1974 mbio zile zikabaki Kenya peke yake. Huku kwetu wenye kiu ya mchezo wakabaki na mashindano madogo ya mwisho wa juma, ya kuchangishana petroli.

Katika mashindano ya namna hiyo ndimo nilimoingia mwaka 1987. Rafiki yangu mmoja mfanyabiashara alikuwa na gari na alikuwa na moyo. Mimi nilikuwa na daftari, kwa hiyo nikafanywa mshika fedha. Mtu wa tatu alikuwa fundi wetu, aliyetuzidi umri, mwenye gereji ndogo chini ya mwembe kule Nyakato. Aliifunga gereji yake Ijumaa asubuhi akafuatana nasi na sanduku lake la spana. Hatukupatana naye kitu. Tulisema, "Mzee, wewe ni mwenzetu," naye akatabasamu. Nilidhani kwamba kumwita mtu mwenzetu ni heshima kubwa kuliko kumpangia malipo.

Jumamosi mchana gari likazama mbugani. Vijana wakatokea, kwa kuwa mahali pa matope hapakosi vijana. Walitazama, wakashauriana, wakataja bei yao kabla hata mmoja hajavua viatu. Rafiki yangu alikasirika, akaita ule ni unyang'anyi. Nao hawakubishana, walikaa juu ya buti la gari wakaanza kutafuna miwa. Nilifungua mkoba nikawalipa. Wakaingia matopeni kwa wimbo, nasi tukaingia pamoja nao, na kwa robo saa gari likatoka.

Kilomita chache mbele injini ikachemka. Fundi wetu akafungua mfuniko wa rejeta kwa haraka, kwa kuwa sisi tulikuwa tukimhimiza, na maji ya moto yakamuunguza mkono wa kulia. Alifunga kitambaa, akaendelea kwa mkono wa kushoto hadi usiku. Jumapili alikuja tena, ingawa hakuna aliyemtuma, akakaza nati zote moja baada ya nyingine. Tukamaliza mbio, si wa kwanza wala wa mwisho. Jioni tulichoma nyama na kunywa fedha iliyosalia katika mkoba.

Mkono ule ulimweka fundi nje ya kazi karibu wiki tatu. Tulikwenda kumpa pole na kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Alitushukuru vizuri sana. Hakutudai. Lakini mashindano mengine yalipokuja, tulipomwendea alisema ana kazi nyingi, na safari iliyofuata pia, hata tukaacha kumwendea. Rafiki yangu alisema mzee amebadilika. Mimi nilikuwa na daftari, nikajua kwamba hakubadilika. Katika ukurasa ule wa mwaka 1987 palikuwa na petroli, matairi mawili, nyama, vinywaji, na malipo ya wasukumaji tusiowajua majina. Jina la fundi halikuwamo kabisa. Aliyedai alilipwa, na aliyetuheshimu hakulipwa.

Tangu hapo nimejiuliza kosa letu lilikuwa nini hasa. Wengine watasema kosa ni fedha kuingia katika urafiki, na kwamba wazee wetu walisaidiana bure. Siamini hivyo. Wazee wa Usukumani walikuwa na vikundi vya vijana vya kulima, chini ya kiongozi wao, na ngoma ya majembe tunayoiita bugobogobo imetoka katika kazi hiyo hiyo. Mwenye shamba alijua kabla jembe halijainuliwa kwamba atawalisha, na kazi kubwa ilikuwa na mbuzi au ng'ombe wake. Kazi ilikuwa ya pamoja, lakini haikuwa bure. Malipo yake yalijulikana na wote. Sisi wa mjini tulichukua wimbo tukaacha ng'ombe.

Leo mambo ya mchezo huu yamekuwa wazi zaidi. Ulaya na Marekani mtu wa ridhaa anayetaka kukimbia Jumamosi na Jumapili huweza kukodi mafundi, pengine pamoja na gari lenyewe, kwa malipo ya siku. Hukubaliana mapema nani ananunua matairi, nani anawalisha na kuwalaza mafundi, na nani atabeba hasara gari likigongwa. Hata katika mbio za magari ya zamani zilizoanza mwaka 2003, ambazo zimewahi kupita Kenya na Tanzania, wapo washindani binafsi wanaokuja kwa mapatano ya namna hiyo. Kuna watu wanaosikitika kwamba mchezo umekuwa biashara. Naelewa masikitiko yao, kwa kuwa gharama hizo huwafungia mlango wenye moyo na mfuko mdogo. Lakini naona pia kwamba fundi katika mapatano yale ana jina katika karatasi, na mkono wake una bei kabla haujaungua.

Miaka mingi baadaye, rafiki yangu alipokuwa amekwisha fariki, nilikwenda Nyakato. Mwembe ulikuwapo, na gereji ilikuwa ya mwanawe. Mzee alikuwa amekaa kivulini. Nilimwamkia, nikamweleza nilichokuja nacho. Nilikuwa nimemuuliza fundi mwingine mjini ujira wa siku kwa bei ya sasa, nikazidisha mara tatu, nikaongeza zile wiki za kukaa bila kazi. Hakusema kwamba haikuhitajika. Alizichukua noti akazihesabu taratibu mbele yangu, na nikaona kovu likisogea juu ya kiganja.

Kisha alitenga ujira wa siku moja akanirudishia.

"Hii ni ya Jumapili," alisema. "Ijumaa na Jumamosi nilikuja kwa kuwa mliniita. Jumapili nilikuja mwenyewe."

Nilitaka kukataa, nikajizuia. Nilizipokea kwa mikono miwili. Alimwita mjukuu wake, akamtuma dukani alete soda mbili, akamlipia kwa noti mojawapo ya zile nilizomletea. Tukazungumza hadi jua likaelekea ziwani, na kabla sijaondoka aliniuliza gari langu lina shida gani, kwa kuwa nilipofika alikuwa amesikia sauti yake.