Kalenga, mwaka wenye vinywaji viwili

Ukifika Kalenga mwezi Agosti ukaulizia ulanzi, pombe ya mwanzi, utaambiwa urudi mvua zikianza. Ukija Januari utaukuta kila upande, na mwenyeji atakushangaa ukikataa hata kikombe kimoja.

Wengi wanaofika hapa, kilometa 15 hivi kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, hawaji kwa ajili hiyo. Wanakuja kuliona fuvu la Mkwawa, mtwa (chifu) wa Wahehe, katika makumbusho, wanapiga picha na kuondoka. Lakini Kalenga ina historia nyingine, iliyomo jikoni na kwenye vichaka vya mianzi nyuma ya nyumba. Hiyo haina kibao wala kiingilio, na ndiyo inayopanga maisha ya familia hadi leo.

Kinywaji kisichosubiri

Si kila mwanzi hutoa ulanzi. Unaogemwa ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Oxytenanthera abyssinica, unaostawi Iringa, Njombe na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini. Hupandwa kwa kung'oa shina lenye mizizi na kulihamishia karibu na nyumba au bondeni. Mvua za Novemba na Desemba zikishika, machipukizi huchomoza kwa kasi.

Chipukizi likiwa bado changa, mgema hulikata ncha kwa kisu kikali na kulitegea mbeta, yaani chombo cha kipande cha mwanzi. Siku hizi wapo wanaotega chupa za plastiki. Asubuhi na jioni anarudi, anamimina kilichodondoka, kisha anakata tena kipande chembamba kama karatasi, kwa kuwa kidonda kikikauka utomvu hukoma. Nyuki na sisimizi huwa wamemtangulia, kwa hiyo chujio ni lazima.

Utomvu unaotoka tu ni mtogwa: mtamu, mwepesi, hata watoto hupewa. Hauhitaji kutiwa hamira, maana chachu yake imo hewani na ndani ya mbeta yenyewe. Ukigemwa asubuhi, jioni umeshaanza kuchangamka. Kesho yake ni mkangafu, wenye nguvu ya kumlaza mtu. Ukiuacha zaidi ya hapo, unageuka siki.

Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo zima. Mahindi unaweza kuyafungia ghalani miezi minane usimwambie mtu. Ulanzi haufungiki. Mwenye mianzi aliyepata madumu mawili leo ana njia tatu tu: auze leo, aite majirani leo, au amwage keshokutwa. Ukarimu wa msimu wa mvua unaosifiwa Uheheni ni tabia njema, ndiyo, lakini pia ni hesabu ya kinywaji kisichohifadhika.

Mgema ana hesabu nyingine pia. Chipukizi lililogemwa halitakua kuwa mwanzi mrefu. Kwa hiyo kila familia huamua mapema yapi yagemwe na yapi yaachwe kwa ajili ya paa, uzio na matenga ya kubebea nyanya zinazolimwa kando ya Mto Ruaha Mdogo.

Upande wa kiangazi

Kinywaji cha pili ni ugimbi, pombe ya nafaka, ndugu wa komoni inayouzwa vilabuni. Huu hauji wenyewe. Ulezi hulowekwa ukaota, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Uji hupikwa, hupozwa, huchanganywa na kimea na kuachwa uchachuke. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa na kwa kawaida ni ya akina mama, ilhali ugemaji kwa kawaida ni wa wanaume.

Kwa kuwa ugimbi una siku yake ya kuiva, unaweza kumwalika mtu wiki moja kabla. Ndiyo maana ulikwenda na mambo yaliyopangwa: harusi baada ya mavuno, matambiko, na kazi za ujima ambazo mwenye shamba aliwalipa majirani kwa chakula na pombe. Ulanzi ulibaki kuwa kinywaji cha anayepita njia, wa kumwambia “Kamwene” na kumvutia kigoda. Mwaka ukagawanyika hivyo, mvua ni za ulanzi na kiangazi ni cha ugimbi.

Sikukuu zilizotoka mbali

Kalenga ilikuwa makao makuu ya dola ya Wahehe iliyoanza kuunganishwa na Munyigumba, aliyefariki 1879, na kuimarishwa na mwanawe, Mkwawa. Miaka mitatu baada ya Wajerumani kupigwa Lugalo, Agosti 17, 1891, walirudi wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele. Ngome ya Kalenga, iliyoitwa Lipuli, ilianguka Oktoba 30, 1894. Mvua zilikuwa bado. Mkwawa alipigana msituni hadi Julai 19, 1898, alipojiua ili asikamatwe.

Kabla karne hiyo haijaisha, Wabenediktini walikuwa wamefungua misheni Tosamaganga, jirani na Kalenga. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Wakonsolata kutoka Italia. Misheni ilileta shule, zahanati na kalenda: Krismasi na Pasaka. Hakuna aliyezipanga zifuate mianzi, ila Krismasi iliangukia ulanzi ukianza, na Pasaka ikaukuta bado unatiririka. Serikali nayo ikaongeza Uhuru, Desemba 9, na Muungano, Aprili 26, zote ndani ya mvua. Upande wa kiangazi ukabaki na Saba Saba, Nane Nane na kumbukumbu ya kifo cha Mkwawa.

Siku kubwa kuliko zote hapa, Juni 19, 1954, iliangukia mpakani, ulanzi ukiisha na mavuno yakianza. Siku hiyo Gavana Mwingereza Edward Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, fuvu la babu yake lililokuwa Ujerumani, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe. Adam Sapi baadaye akawa Spika wa Bunge.

Sahani na lawama

Chakula cha kila siku ni ugali wa mahindi, maharage na mboga za majani: majani ya maboga, mnafu, chainizi. Ugali wa ulezi, ambao wazee waliuzoea zaidi, sasa hupikwa mara chache. Mvua za kwanza huleta kumbikumbi, wakakaangwa bila mafuta mengi maana wana ya kwao. Sikukuu huleta kuku na wali wa mchele wa Pawaga, na kwa kuwa koo nyingi zina Waislamu na Wakristo, pilau la Idi na la Krismasi huliwa na watu walewale. Asiyekunywa pombe hupewa soda au togwa, na hakuna anayemuuliza sababu.

Lakini Desemba hadi Machi ni miezi ya ghala kupungua, na Januari shule hufunguliwa. Ndiyo miezi ambayo dumu la ulanzi likibebwa kwa bodaboda kwenda mjini hurudi na chumvi, mbolea au sare ya mtoto. Kinywaji hicho hicho huweza kula fedha hizo. Sheria ya Vileo ya 1968 iliviwekea vilabu leseni na saa za kazi, na viongozi wamezikumbusha saa hizo mara nyingi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchini kwa udumavu: karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka 5. Huu ni mkoa unaolisha wengine mahindi. Wataalamu wa lishe hutaja ugali mwingi usio na kitoweo cha kutosha, na wazazi kukosa muda wa kumlisha mtoto mara kwa mara, shamba likiwavuta mchana na kilabu jioni. Ulanzi peke yake haudumazi mtoto, lakini saa zake huibwa kutoka kwa mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ana miaka miwili.

Wapo wanaotamani ulanzi ufungwe kwenye chupa kama mvinyo wa zabibu wa Dodoma, uende Dar es Salaam na ng'ambo. Mgema angepata bei nzuri na mwaka mzima wa mauzo, na hilo si dogo kwa familia inayohesabu ada za shule. Gharama yake itaonekana upande wa pili. Siku ulanzi utakapoweza kusubiri, mwenye madumu mawili hatalazimika tena kumwita jirani, na Kalenga italazimika kuamua kama ukarimu wake ulikuwa wa watu au wa mianzi.