Mchekecho, Wala Si Uchunguzi

Kijitabu kimoja cha afya, kilichotafsiriwa na watu wengi na bila shaka kwa posho nyingi, kinasimulia habari za mkoa wa Saga, Japani. Huko, tangu 2016, wanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari ya chini, vijana wa miaka 14 na 15, hupimwa bakteria wa tumbo, na wanaokutwa naye hupewa dawa ili wasije wakapata saratani ukubwani. Mpango mzuri. Kichwa cha habari sasa: "Uchunguzi wa Saratani ya Tumbo kwa Vijana Balehe". Mzazi wa Tanga au wa Kisumu akisoma maneno hayo ataamini kwamba watoto wa Saga wanashukiwa kuwa na saratani. Hawashukiwi. Wengi wao hata huyo bakteria hawana.

Mfasiri simlaumu sana. Alichokifanya ni kufungua orodha aliyopewa na kukuta humo "uchunguzi", neno ambalo kamati zetu zimelitwisha kila mzigo uliokosa mbebaji. Polisi anachunguza wizi, mwanachuo anachunguza lahaja, daktari anachunguza maiti, na leo nesi naye anachunguza darasa zima la watoto wanaocheza mpira bila hata kuumwa kichwa. Kuchunguza ni kukikazia macho kitu ambacho tayari kimekutia shaka. Kinachofanyika Saga ni kinyume chake: wanapimwa watu ambao hakuna anayewatilia shaka, ili wachache wajitenge.

Wapo waliogundua kasoro hiyo wakaja na dawa zao. Mmoja ametuletea "utambuzi tangulizi", istilahi inayofaa kuandikwa juu ya mlango wa ofisi isiyofunguliwa. Mwingine amependekeza "upimaji wa halaiki", na kila niusikiapo nawaona vijana uwanjani wakipanga umbo la Mlima Kilimanjaro siku ya sherehe za taifa. Wa tatu, ambaye angalau ana sikio la lugha, ameng'ang'ania "mchujo". Huyu anastahili kujibiwa.

Kuchuja ni kazi ya vimiminika: chai, tui, dawa ya mizizi. Anayechuja tui anataka kinachopita. Machicha hutupwa au hupewa kuku. Siasa na michezo zimelichukua neno kwa maana hiyohiyo, ndiyo maana mgombea "aliyechujwa" ni aliyekatwa jina, na timu iliyoaga katika raundi ya mchujo imerudi nyumbani. Mwambie mama kwamba mwanawe amepita kwenye mchujo wa afya, atauliza kachaguliwa shule gani. Mwambie amechujwa, atalia.

Kuchekecha ni jambo jingine. Chekeche lina matundu. Ukilitikisa, unga wote hushuka na chenga hubaki juu. Macho ya anayechekecha yako kwenye hizo chenga. Hazitupi hivihivi, huzitazama, huzirudisha kinuni, huzitwanga tena. Hivyo ndivyo mpango wa Saga ulivyo hasa. Kwanza mkojo hupimwa kutafuta kingamwili, na wengi hushuka hapo. Waliobaki juu bado si wagonjwa, maana kipimo cha kingamwili huweza kumnasa mtu asiye na bakteria. Kwa hiyo hupitishwa kwenye chekeche la pili lenye matundu ya namna nyingine, yaani kipimo cha kinyesi kinachosaka dalili za bakteria mwenyewe. Anayebaki na hapo ndiye huandikiwa dozi ya siku 7, ya vonoprazani, amoksilini na klarithromaisini, kisha hupimwa upya baadaye kuona kama bakteria amekufa kweli. Waingereza wenyewe neno lao la jambo hili wamelitoa kwenye chekeche kubwa la nafaka na makaa ya mawe, na hakuna kamati yao iliyoona haya.

Yetu iliona. Pendekezo langu la "mchekecho" lilirudishwa na maelezo ya mstari mmoja: ni neno la jikoni. Naomba waheshimiwa wanieleze basi "chembe" za damu walizitoa wapi kama si ghalani, "kiini" cha seli kama si kwenye yai, na "tanuri" la kuyeyushia chuma kama si kwa muoka mikate. Nasikia pia kwamba mjumbe mmoja alihofia wasomaji watakumbuka shule ya chekechea. Wakumbuke tu. Watakaochekechwa ni wanafunzi.

Hoja yenyewe si ya ladha. Bila neno la pekee hatuwezi hata kubishana. Mwongozo wa madaktari wa tumbo la watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini haukubali kuwapima na kuwatibu watoto wasio na dalili, na sababu mojawapo ni usugu wa bakteria kwa antibaiotiki, hasa klarithromaisini. Wajapani wanaoutetea mpango wao hujibu kwamba bakteria huyu hupatikana utotoni, mara nyingi ndani ya familia. Kwamba saratani huja baada ya miongo ya tumbo kuungua na kuchakaa. Na kwamba anayetibiwa kabla ukuta wa tumbo haujaharibika, na kabla hajawa mzazi, amejikinga na amewakinga wanawe. Ubishi wa maana. Sasa useme kwa istilahi ya kamati: wataalamu wanaunga mkono uchunguzi kwa watoto lakini wanapinga uchunguzi kwa watoto. Kwa istilahi yangu: wanaunga mkono uchunguzi wa walio na dalili, wanapinga mchekecho wa wasio nazo. Kwisha.

Chekeche pia linatufundisha kwa nini mpango huu hauhamishiki kwetu kama ulivyo. Vijana wa Japani wa leo wenye bakteria ni asilimia chache tu, ingawa kwa kizazi cha babu zao walikuwa zaidi ya nusu. Afrika Mashariki bado maambukizi ni ya kawaida tangu utotoni, na chekeche ambalo karibu kila kitu kinabaki juu yake limeacha kuwa chekeche, limekuwa sinia.

Wakati tuko hapa, jina la bakteria nalo lina hadithi tamu. Barry Marshall na Robin Warren walipomwotesha mjini Perth mwaka 1982, aliwekwa kwanza katika ukoo wa Campylobacter na kuitwa pyloridis. Wajuzi wa Kilatini wakanung'unika kwamba sarufi imevunjwa, na mwaka 1987 jina likasahihishwa kuwa pylori; mwaka 1989 akahamishiwa ukoo mpya, Helicobacter, kwa ajili ya msokoto wake. Yaani wanasayansi walikubali kusahihishwa sarufi, tena hadharani! Pylori linatokana na neno la Kigiriki la mlinzi wa lango, kwa kuwa ndilo jina la mlango wa chini wa tumbo, pale chakula kinapoingia utumbo mdogo. Waarabu wameuita mlango huo bawabu, na sisi bawabu tunaye karne nyingi, amekaa kwenye baraza za Mombasa na Unguja akingoja kazi. "Bakteria wa bawabu" lingekuwa jina la kupendeza. Wajapani walichagua njia fupi, wakasema "pirori-kin", yaani kijidudu pirori, na hakuna mtoto wa shule Saga anayelikosea. Sisi tumebaki na "H. pylori": herufi moja, nukta, na neno ambalo nusu ya maduka ya dawa huliandika kwa i mbili.

Matumizi: kitenzi ni kuchekecha, kutendwa kuchekechwa, mchekecho wa mkojo, mchekecho wa kinyesi, mchekecho wa saratani ya shingo ya kizazi, aliyebaki juu ni "aliyenaswa", asiitwe mgonjwa mpaka athibitishwe. Wingi ni michekecho.